Karatasi Kumi na Moja

Mnara wa simu umelala tangu Alhamisi.
Radi iliupiga kule juu ya Pukapampa,
na kampuni ilisema, kabla sauti haijakatika,
kwamba fundi atapanda barabara ikizibuliwa.
Barabara itazibuliwa fundi akipanda.
Hatukucheka. Tuliongeza samadi kavu ya lama motoni.

Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji.
Muhtasari ninao, kurasa tano, ndani ya kishikwambi
ambacho serikali iliwapa watoto wa shule,
kioo kimepasuka pembeni kama barafu ya dimbwi alfajiri.
Humo mna chemchemi yetu yote:
upana wa mkondo, mwezi unaopungua,
nani humwagilia viazi siku gani,
na kauli ya Fortunata Ccahua, neno kwa neno:
Maji haya nimeyakuta, nami nitayaacha.

Jumatatu, saa nne, ofisi ya maji ya mkoa.
Wanataka karatasi. Walilipigia mstari neno hilo.
Mgodi nao umeomba mkondo uleule,
na mgodi una printa kila chumba.

Yetu ni moja, ya mwalimu Leoncio.
Ililetwa na nyumbu, imeviringishwa blanketi.
Nyumbu aliteleza mara mbili,
na mara zote mbili mwalimu aliiomba printa radhi.

Nikagusa "chapisha."
Hakuna intaneti.
Nikagusa tena, taratibu, kwa adabu.
Hakuna intaneti.
Ni kama kwenda kwa jirani kuazima chumvi
ukaambiwa upitie kwanza ng'ambo ya bahari,
upange foleni, utaje jina la mama yako,
ndipo urudi kubisha hodi
mlango ulio hatua mbili kutoka kwako.

Betri ya lori ilikuwa inashuka. Mwalimu alishika kichwa.
Yesenia, miaka kumi na miwili, hakumwomba mtu ruhusa:
alibonyeza kitufe, akakishikilia,
mpaka kijitaa cha buluu kikaanza kupepesa.
"Ina mtandao wake," akasema. "Mdogo tu. Hauendi popote."

Hauendi popote!
Kumbe mtandao waweza kuwa wa chumba kimoja,
kimo chake meza, usioijua Lima wala mbingu,
vitu viwili vikinong'onezana chini ya bati
huku mvua ya mawe ikipiga kelele bure.
Nenosiri lilikuwa limebandikwa tumboni.
Tukaipindua printa kama kondoo anayekaguliwa kwato,
nami nikasoma tarakimu nane kwa sauti,
watu kumi na wanane wakizirudia nyuma yangu.

Karatasi kumi na moja.
Kurasa tano, nakala mbili: kumi.
Moja ya kukosea.
Na ile moja printa ikaila papo hapo,
ikajichapia salamu zake yenyewe,
miraba minne ya rangi na neno "Karibu."

Baada ya hapo hakuna aliyekohoa.
Kila ukurasa tuliupokea kwa mikono miwili, ungali moto.

Nakala ya pili, ukurasa wa nne, wino ukaanza kukonda.
Maji haya nimeyakuta, nami nita
kisha weupe.

Fortunata hajui kusoma, lakini aliziona nyuso zetu.
"Pamekosekana nini?"
Nikamwambia.
Akavuta kidau cha wino, akachovya kidole gumba,
hakukitia kule chini kwenye mstari wa sahihi,
alikikandamiza pale penye weupe, akakizungusha kidogo.
"Wasome hapo," akasema.

Leoncio aliondoka saa tisa usiku, kwa miguu,
kurasa kumi kifuani ndani ya mfuko wa mbolea.
Ile ya miraba minne Yesenia ameitundika
juu ya kitanda chake.

Leo ni Jumatano.
Mnara bado umelala.
Kishikwambi nimekizima, nisimalize chaji.