Nyuzi Ishirini na Sita

Mimi ni mshonaji, nyuzi nazijua.
Najua ukivuta mmoja usio wake
pindo lote linakufuata mkononi.
Kwa hiyo Tweve aliponunua kiyoyozi
akakitega nyuzi kumi na sita
na kujifunika blanketi, Kinyerezi, mwezi wa pili,
nilisikia kitu kikifumuka.

Kilikuwa kwenye mita, jikoni, juu ya ndoo ya unga.
Elfu ishirini, uniti hamsini na sita.
Tarakimu za LUKU nazisoma kwa sauti
kama ninayehesabu vifungo vya kanzu,
na siku ya tisa inalia: ti, ti, ti,
taa yake nyekundu inanikonyeza
kama mdai anayejua nimo ndani.

Nyuma ya nyumba mitambo ya gesi inanguruma.
Umeme unazaliwa uani kwetu
na bado tunaununua kama wageni.

"Weka ishirini na sita," nikamwambia, "na feni, polepole."
"Ishirini na sita ni joto la uji."
Huyu ni mtu wa Makete. Kwao maji ya kunawa
huvunjwa kwanza.
Mimi ni Somoe wa Lindi, nilizaliwa nimeshalowa.

Fundi Chitanda alikuja kuosha chujio
(vumbi lake lingejaza mto)
akanionyesha kitufe chenye mchoro wa saa,
kile ambacho vidole vyetu vilikuwa vikikiruka.
"Taima, mama. Iwake saa nne, izime saa saba,
na kesho ijirudie yenyewe.
Mkishalala, nani anaonja baridi?"

Usiku wa kwanza, saa saba na dakika tano,
Tweve aliketi kitandani kama aliyeibiwa.
Akakiwasha. Nikakizima.
Akakiwasha. Sikusema neno;
nilifungua dirisha, pazia likavuta pumzi,
mbwa wa jirani akatubwekea wote wawili.
Asubuhi aliikuta rimoti ndani ya mfuko wa kaniki
uliofungwa pande zote nne, mshono wa kurudia.
Alitafuta mkasi. Mkasi ulikuwa kazini.
Na jioni uliporudi, hakuuomba.

Sitadanganya kwamba tulielewana. Wiki nzima
tuliongea kupitia kwa mtoto:
mwambie baba yako chai ipo.
Lakini siku ya tisa mita ilinyamaza,
ya kumi na tano ikanyamaza,
na kilichobaki nikakitia kwenye kopo la vifungo.

Mwezi wa sita mavyaa akapiga simu.
Umande umeganda juu ya majani ya viazi,
gunia la mkaa limepanda tena.
Tweve akadakia: "Mama, washa jiko usiku kucha,
nitatuma hela!"
Simu ilikuwa kwenye spika. Kicheko chake, kikavu:
"Usiku kucha? Unataka kuniua?
Naliwasha ng'ombe wakirudi.
Makaa yakivaa majivu, nalitoa nje, nafunga mlango.
Ukuta unakumbuka. Blanketi linamalizia.
Umekulia humo, au umesahau?"

Hakujibu. Alitazama ukuta wetu
kama anayeuona kwa mara ya kwanza,
pale juu ambapo kile cheupe kilikuwa kimelala.

Nilimwaga kopo mezani: vifungo huku, noti kule.
Elfu arobaini na tatu. Akahesabu mara mbili.
Alituma yote; ada ya kutuma nililipa mimi.

Usiku nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda,
miwani puani, sindano yangu mkononi,
anafumua ule mfuko uzi mmoja mmoja,
bila kuukata hata mmoja.
Kisha, akiwa amenipa mgongo, kama anayeulizia bei:
"Hivi, Somoe, ishirini na saba unaiweza?"

Ni mwezi wa sita, Tweve.
Fungua dirisha.