Kidole cha Mwisho

Karatasi ilikuwa risiti ya bandani kwangu,
imekunjwa mara nne kama dawa ya minyoo.
Ambakisye aliiweka mezani, kati ya faneli na chenji,
akasema, "Mama Kihwele, fungua, ila usipumue."

Ndani: chembe.
Unga wa mbao, wa paini, hauzidi
jicho la sisimizi.
"Hiyo," akasema, "ndiyo iliyoniangusha."

Jumamosi ile nilikuwepo. Nani Mafinga hakuwepo?
Uwanja wa Changarawe, mpira umesimamishwa dakika ya sabini,
kipa kakaa chini ya mwamba wa goli
kama mtu aliyelipa kiingilio.
Helikopta yenyewe haikuzidi kitanda cha mtoto,
injini ndugu wa chenso, mkia bomba la antena,
miaka miwili ya kunoa cheni za watu.
Ikanguruma. Majani yakalala. Ikajinyanyua
kwa adabu, kama mgeni anayeinuka mkekani,
ikapita vichwa vyetu, ikapita nguzo za umeme,
ikafika usawa wa ncha za misindano,
hapo ikakohoa.
Mara moja.
Tukacheka, tukidhani ni mbwembwe.
Mara ya pili hakucheka mtu.

Petroli ilikuwa yangu.
Naijua mpaka chupa: ile ya maji, lita moja na nusu,
niliyoijaza kutoka dumu la njano
lililoshinda wiki nzima nyuma ya kiwanda cha mbao
mdomo wazi, maana mfuniko nilimwazima mtu.
Nililikamua mpaka tone la mwisho. Nimelelewa hivyo;
kwetu chungu hukombwa.

Angenitukana, ningemlipa yakaisha.
Badala yake alirudi jioni na tangi lake la plastiki,
dogo kama kipande cha sabuni,
akaliinua kwenye balbu nione:
mpira mwembamba ndani, kichwani mwake uzito wa shaba
unaoyafuata mafuta popote yanapokimbilia,
chombo kikilala ubavu, kikigeuka miguu juu.
"Kinywa hiki," akasema, "hakijui kutema."

Basi nikaanza elimu ya watu wazima.
Dumu lilale usiku kucha, litulie, lisitikiswe.
Lijae mpaka shingoni, maana baridi ya Julai huku
huliliza dumu kwa ndani,
na maji hayana haraka: hushuka chini yakangoja.
Kitambaa nacho kilinisumbua. Kitenge kikaacha nyuzi.
Chujio la chai likapitisha kila kitu, hata aibu.
Mwishowe soksi ya nailoni, ya harusi ya binti yangu,
mikunjo mitatu, juu ya faneli.
(Yeye hajui. Anadhani iliibwa kambani.)
Oili baadaye, hamsini kwa moja, kwa bomba la sindano.
Na kidole cha mwisho cha dumu hakiuzwi.
Hicho naoshea cheni zenye kutu.

Wapasua mbao wananung'unika kwenye foleni.
Mgimwa aliniuliza kama nauza petroli au nabatiza.
Nikamwambia asubiri zamu yake ya kubatizwa.
Akaenda kwa jirani.
Wiki ya tatu akarudi, kimya, na madumu mawili.

Jana imepaa tena, mkia umeungwa kwa bati.
Sikwenda. Nilibaki bandani, mgongo nimeuelekeza uwanjani,
nikisikiliza kwa meno.
Mlio ukapita juu ya mabati ya soko,
ukazunguka misindano, ukapotea kidogo
(hapo nilimwaga kikombe kizima cha mtu),
ukarudi, laini, kama cherehani ya fundi aliyeshiba.

Ile chembe ninayo bado,
ndani ya risiti yake, kwenye kopo la sarafu.
Kila nikitafuta hela ya kurudisha
naisogeza kando kwa ukucha,
nisije nikampa mtu kwenye chenji.