Nafasi ya Mgeni

Saa tisa kasorobo usiku, nyuma ya ghorofa kumi na nne,
Hamilton, Ontario, baridi ya kukata masikio,
nimelala chali juu ya theluji
nikitafuta pa kutia kulabu
chini ya Corolla ya kijivu.

Kibao kipo. Herufi nyekundu, lugha mbili,
na picha, kwa asiyejua zote mbili:
hii ni njia ya zimamoto.
Naye ameegesha hapo hapo, pua ya gari
ikikigusa kibao kama mtoto anayebusu mkono wa shangazi.
Ndani, kiti cha mtoto. Kikombe cha kahawa iliyoganda.
Sinia lililofunikwa kwa foili.
Taa za dharura zinapepesa, zinapepesa,
kana kwamba kupepesa ni ruhusa.

Naijua hadithi kabla sijaisikia.
Dakika mbili tu, kaka.
Nimempandishia dada nepi, amejifungua juzi.
Dakika mbili.
Miaka tisa ya kazi hii, sijakutana na binadamu
aliyewahi kuegesha kwa dakika tatu.

Winchi inaguna. Mnyororo unakaza.
Magurudumu ya mbele yanaiacha ardhi,
na hapo mlango wa nyuma unafunguka,
mwenyewe anakuja mbio, kandambili na soksi,
khanga juu ya koti la baridi,
na matusi ambayo sikuwa nimeyasikia
tangu nihame Kigoma.
(Nilipomjibu kwa Kiswahili
aliyarudia, sasa polepole,
nisije nikakosa hata moja.)

Nabintu, alisema. Uandike vizuri kwenye risiti,
usinikosee jina baada ya kunikosea gari.
Kisha: Moto uko wapi? Nionyeshe moto!
Akazungusha mkono kuelekea madirisha,
yote giza isipokuwa mawili.

Sikuuona.
Hii ndiyo aibu ya kazi yangu.
Mwashi huonyesha ukuta, fundi bomba huonyesha bomba;
mimi nikiulizwa asubuhi nimefanya nini
nitaonyesha mahali,
upana wa mita sita,
pasipo na kitu.

Nilitaka kumwambia habari za Novemba, upande wa Barton:
lori la zimamoto likilia nyuma ya pikapu mbili,
watu wanne wakiuburuta mpira kwa miguu, kona nzima,
na ghorofa ya sita mtu akipunga shuka.
Akipunga. Kisha shuka tu, dirishani.
Nilinyamaza. Aliyesimama barafuni kwa kandambili
hana nafasi ya maiti wa mtu mwingine.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone,
na wengi hudhani ni maneno ya sahani.
Mgeni ninayemtengea mimi haji na sukari ya zawadi.
Anakuja na mtungi wa oksijeni na viatu vichafu,
habishi hodi, haulizi habari za nyumbani,
na hana pengine pa kusimama.

Kanuni ya kampuni: mwenyewe akiwahi, alipe nusu, gari lishuke.
Akalipa, noti zimekunjwa kama sumbusho la chozi.
Nikalishusha.
Akafungua sinia, akatoa sambusa,
akaila mbele yangu, taratibu,
macho hayakuniacha.
Hakunikaribisha.
Akawasha gari akaenda.

Nilipita tena saa kumi na mbili, kabla ya kurudi kulala.
Hakuja mtu usiku ule. Hakuna aliyeungua,
hakuna aliyebanwa kifua; mtoto mchanga, nadhani, alilia tu
kama walivyo wachanga.
Theluji ilikuwa imefuta alama za magurudumu yetu wote.
Pale palikuwa patupu, peupe,
pametandikwa.