Weusi wa Juu

Usilibonye kwa dole gumba, aliniambia mama Holo pale Mlango Mmoja,
kila abonyaye huacha kidonda ndani
na anayelibeba nyumbani ndiye atakayekikuta.
Lishike kiganjani kama kichwa cha mtoto unayemwogesha.
Litakuambia lenyewe.

Nikachagua saba, ya Bukoba, yaliyoshuka na meli alfajiri.
La nane akaniongeza. "La njiani," akasema,
kana kwamba parachichi huliwa njiani.

Kitunguu nilikikata tangu saa nne,
nikakifikicha kwa chumvi, nikakiosha mara mbili,
kikaacha hasira zake kwenye beseni.
Nyanya mbili, mbegu nimezitoa.
Pilipili moja tu, maana Bhoke ana vidonda vya tumbo
na hataki tuseme.
Giligilani. Ndimu mbili; ya tatu ilikuwa ganda tupu.
Kisha uma, si mchi:
anayetaka uji akapike uji.
Mimi nataka mabonge, ulimi ukipita ukutane na mtu.

Kokwa moja nikalirudisha katikati ya bakuli.
Bibi yangu wa Nansio aliamini kokwa likiwepo
nyama haiwi nyeusi.
Sijui kama ni kweli.
Sijawahi kuthubutu kulitoa.

Jumapili, saa tisa, kwangu, Igogo ya juu,
ambako nyumba zimepakatwa na mawe
na mgeni hufika akihema kabla hajapiga hodi.
Wakaja. Bhoke na mihogo ya kukaanga, bado inalia mafuta.
Kokushubira na ndizi alizokata nyembamba
hata ukiinua moja kwenye mwanga unaliona ziwa.
Nkwimba mikono mitupu, na kicheko cha kutosha watu sita.
Tulikuwa kumi na mmoja.
Daftari lina majina kumi na mawili.

"Tumsubiri Milembe," mmoja akasema.
Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyechovya.

Mimi ndiye mweka hazina. Kalamu nyekundu ni yangu.
Wiki ya tatu hiyo jina lake nalipigia mstari,
na mstari wa mwisho niliukaza
hadi karatasi ikachubuka.

Bakuli likakaa.
Kule chini feri ya Kamanga ikaenda, ikarudi,
na kijani kikaanza kuchoka ukingoni,
kikawa rangi ya chai,
kikawa rangi ya gome.
"Limeshaharibika," akasema Nkwimba, bila kucheka.

Nikachukua kijiko, nikaparua.
Utando tu, kama ule wa maziwa yaliyopoa,
na chini yake, palepale, kijani kilekile cha asubuhi,
kibichi, kinang'aa, hakina habari ya saa.
Tukaliinamia bakuli wote,
watu wazima kumi na mmoja, kama watoto kisimani.

Nikajaza kibakuli, nikakifunika kwa sahani,
nikapanda mawe kumi na manne hadi mlango wa bluu.
Daftari nililiacha mezani.
Bhoke, nadhani, ndiye aliyeweka sahani ya mihogo juu yake.

Hodi ya kwanza, kimya.
Ya pili, redio ikazimwa.
Sikutaja hela. Sikutaja kikao.
Nikasema, "Milembe, mkono unaniuma, pokea."

Akafungua nusu. Kanga begani, macho kwenye mawe.
Hakusema karibu, hakusema asante.
Alichovya kidole kimoja, akaonja polepole,
kama mtu anayesoma barua asiyojua imetoka kwa nani.

"Umesahau chumvi," akasema.

Nami niliyekifikicha kitunguu kwa chumvi tangu saa nne,
nikasema,
"Kweli kabisa. Njoo nayo."