Dalili

Mwongozo wa zamu unasema: andika unachokiona.
Nikaandika: Nyanzobe, miaka hamsini na miwili,
anageuza dagaa wasiokuwepo
juu ya shuka, mmoja mmoja,
akifukuza kunguru kwa kiganja.

Mkufunzi akapitisha wino mwekundu:
"Usiseme kunguru. Sema dalili."

Haya. Dalili.

Saa tisa usiku, kutoka mlima wa Bugando,
karabai zinaelea ziwani
kama mji mwingine usio na mitihani.
Akaniita: "We binti wa daftari,
shika huku. Tuanue. Mvua inakuja."

Sikumbishia.
Tukakunja shuka pembe kwa pembe,
dagaa wote ndani.
Akalala.

Asubuhi, kwenye fomu, kisanduku kitupu:
Dawa iliyotolewa.
Nikakitazama mpaka kengele ya kubadilishana.

Nje, mawe yote yalikuwa yamelowa.