Safu ya Arobaini na Moja

Kitambaa hiki kilikuwa zawadi ya harusi.
Nyanzobe ameolewa, amezaa, amemwachisha mtoto ziwa,
na mimi bado sijaachishwa ziwa hili la dagaa,
bado niko safu ya arobaini na moja.

Alfajiri saa kumi na moja nipo Mwaloni, Kirumba,
nyuma ya mizani yenye kutu,
naandika: dagaa, kilo thelathini na mbili, toa gunia,
dagaa, ishirini na tisa na nusu, toa gunia,
na wachukuzi wanapiga kelele: Karani, kalamu imekwama?
Kalamu haikukwama.
Nilikuwa nahesabu vitanzi.

Siku moja Bwire alipekua daftari
akakuta, kati ya deni la Mama Masatu na la watu wa Ukara,
"sita, ruka mbili, kumi na nne, geuza."
Akavua miwani. Ni nani huyu
anayechukua sita, anaruka mbili, halafu anageuza mzigo?
Nikasema ni mteja wa Musoma.
Mungu anisamehe,
mteja wa Musoma hadi leo anadaiwa.

Jioni ni kupanda Kitangiri kwa miguu, ndoo kichwani,
mawe huku, mawe kule, nyumba zimejibanza katikati.
Ni moshi wa mkaa mbichi, ni sare ya kufua,
ni Limi na daftari lake la kugawanya:
ishirini na nne kwa saba?
Tatu, mama, inabaki tatu.
Hizo zinazobaki zinakwenda wapi?
Ananitazama. Kitabu hakijasema.

Saa tano usiku ndipo natoa sindano mfukoni.
Dakika ishirini, macho yakikubali.
Uzi ulikuwa mweupe; sasa una rangi ya maziwa
na unanuka Mwaloni.
Siku utakapotandikwa mezani kwa mtu
paka wa mtaa mzima watabisha hodi.

Lakini nausoma kama wengine wanavyosoma barua.
Safu ya kumi na mbili imekaza hadi inajikunja:
ile ni wiki ya homa ya Limi,
niliifuma kwenye benchi la Sekou Toure, nikisubiri jina liitwe.
Safu ya thelathini nilifuma gizani, umeme umekatika,
na ndiyo safu pekee isiyo na kosa.
Ya ishirini imelegea, vitanzi vipana,
sikumbuki kwa nini.
Nadhani nilikuwa na furaha.

Mama Nyamalwa aliniambia, wewe unajitesa,
Makoroboi vinauzwa vya mashine, elfu nane tu,
na maua vinayo.
Nikaenda. Nikakishika.
Mbele sawa, nyuma sawa,
hakikuwa na usiku hata mmoja ndani yake.

Nikakinunua.
Nikakifunga kwa karatasi ya kung'aa, nikampelekea Nyanzobe,
akalia, akasema, dada, umeteseka sana kukifuma.
Nikanyamaza.
(Huyo naye mpelekeeni mteja wa Musoma.)

Tangu siku ile hiki changu hakina harusi,
hakina tarehe, hakina anayekisubiri.
Nilidhani nitakiacha chini ya godoro
pamoja na risiti za ada na zile sindano za bati
ambazo mama alifumia sweta moja maishani mwake,
mkono wa kushoto haukwisha.
Sikukiacha.

Jana usiku nimeona kosa, safu ya thelathini na tisa,
kitanzi kimoja kimerukwa, shimo la kupitisha punje ya mchele.
Hakuna ambaye angeliona.
Nimevuta uzi.
Zimefumuka tatu, moja baada ya nyingine,
taratibu, kwa sauti ndogo kama mtu anayekuna shati.

Thelathini na nane.
Kesho alfajiri mizani inaningoja
na Limi amegeukia ukutani, anaota kwa Kisukuma.
Zimebaki dakika kumi na kitu.
Sita. Ruka mbili.