Vibomba Viwili

Walituwekea siku moja,
mimi asubuhi, Chilewa mwanangu baada ya chai:
kibomba cha waya, chembamba kuliko mrija wa kalamu.

"Mzee, mishipa yako ina chokaa,
tumeisukuma kama mlango wa ghala uliovimba.
Wewe kijana, yako bado laini.
Pombe basi, wote wawili."

Ujimbi niliuanza nikitoka jando.
Sabini na mbili ikaogopa.
Arobaini na moja ikacheka.
Hombolo zabibu zilikuwa zinaiva,
na mvinyo mpya, alisema, si pombe,
ni tunda lililolala.

Machi, saa nane usiku, walimrudisha Dodoma
kwa gari la zabibu, kichwa juu ya kreti tupu.
Kibomba kimeziba.
Vidonge vya damu tulivikuta
kwenye shati la Jumapili,
pakiti haijatobolewa hata tundu moja.

Wamemzibua. Anapumua.
Mimi nikipiga mswaki natema wekundu,
bei ya uzee, nailipia kwenye beseni.

Kila saa mbili usiku nabisha kwake,
kiganjani kimoja changu, kimoja chake.
Jana nusura niseme: tangulia.
Nikaling'ata lile neno.
Nikasema: meza.